Tupeane uzoefu: kipindi cha PE (mazoezi ya mwili) shuleni kwenu, mlifika uwanjani au kililiwa na Hesabu?

MwanaMalindi
Hamjambo nyote. Jana usiku nilikuwa namsaidia binti yangu wa Gredi ya 5 kunakili ratiba, maana ile ya kwanza ililoa ndani ya begi. Tulipofika Jumatano, kipindi cha mwisho kabla ya chakula, akaniambia, "Baba, hapo andika PE, lakini huwa tunafanya Hesabu." Alisema bila kinyongo, kama anayenieleza kwamba dafu lina maji.

Nikakumbuka yetu. Mimi nimesoma hapa hapa Malindi, shule ya serikali, miaka ya 8-4-4, ule mfumo wa elimu wa zamani. PE ilikuwa kwenye ratiba na haikuwa kwenye mtihani, basi Januari tulikuwa tunatoka, Machi tunatoka nusu, ukifika muhula wa tatu hata mpira wenyewe hatujui umefungiwa kabati gani.

Sasa kwenye karatasi mambo ni mazuri. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, inampa mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, lishe na matibabu. Kuna Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Kuna sera ya afya shuleni tangu 2009. CBC, mtaala wa umilisi, nayo ilipoingia, mazoezi ya mwili na afya yakapewa hadhi ya somo kamili, kabla ya kuja kuunganishwa na uchoraji na muziki. Watoto wenyewe bado wanaita PE tu.

Tupeane uzoefu. Kwenu ilikuwaje? Ombi moja: shule na walimu tusiwataje majina.

Binti Matondoni
Mimi ni wa kisiwani Lamu. Uwanja wetu ulikuwa bahari. Sitanii. Nyuma ya madarasa palikuwa na mibigili tupu, na nusu yetu tulikuwa miguu mitupu, kwa hiyo mwalimu alikuwa anatushusha pwani maji yakipwa. Mchanga uliolowa ni mgumu, mpira unadunda vizuri, na ukianguka huchubuki.

Tatizo ni kwamba bahari haifuati kengele. Kila siku maji yanachelewa kama dakika hamsini kuliko jana. Wiki hii kipindi cha PE kinakuta mchanga mtupu mpaka kule kwenye mikoko, wiki ijayo kinakuta maji yamejaa yanapiga ukuta. Mwalimu alikuwa na kijikaratasi cha maji kujaa na kupwa, alipewa na mjomba wake mvuvi, amekibandika ndani ya mlango wa kabati. Akishaona haiwezekani anabadilishana kipindi na mwalimu wa Kiswahili. Hedimasta akamuuliza siku moja, mbele yetu, kwa nini ratiba yake inatembea. Akajibu, "Muulize mwezi."

Sisi wasichana tulikuwa na mambo yetu pia. Mwanzoni wazazi hawakutaka tucheze mbele ya wanaume wanaopita na punda. Bibi yangu alikuja mpaka shuleni na buibui lake. Wakakubaliana: suruali ndefu ndani ya gauni, mtandio ufungwe nyuma usianguke, na sisi tucheze upande wa mikokoni, wavulana upande wa gati. Basi. Mambo yalikwisha kwa mazungumzo ya robo saa. Mpaka leo nikisikia mtu anasema wasichana wa Lamu hawachezi kwa sababu ya dini, nacheka. Mchezo wa kati tulicheza mpaka mitandio ikawa na chumvi.

Kichwa Nazi
Sisi PE ilikuwa kufyeka nyasi za kiwanja. Siku ya kukicheza haikufika, mvua ikija zinaota tena.

Kijana wa Sabaki
Yangu ni ndefu kidogo, mniwie radhi.

Nimekulia ng'ambo ya mto Sabaki, ndani kabisa, mbali na barabara. Tulikuwa na lambo karibu na kwetu. Mifugo inakunywa humo, mama zetu wanafua humo, sisi tunaogelea humo kila siku tukitoka shule. Nilipokuwa darasa la sita nilianza kukojoa damu. Si nyingi, matone ya mwisho mwisho tu. Sikumwambia mtu, kwa sababu wavulana wakubwa walituambia ndivyo mwanamume anavyobaleghe. Na wao walikuwa nayo, kwa hiyo ushahidi upo!

Mwalimu wetu wa PE alikuwa mtu wa kuandika. Alikuwa na daftari, kila mmoja jina lake na raundi ngapi amekimbia. Muhula wa kwanza nilikuwa nakimbia raundi sita. Muhula wa pili nikawa nakaa chini baada ya mbili. Hakunipiga wala hakuniita mvivu. Aliniita nyuma ya tangi la maji akaniuliza mambo ya chakula, ya usingizi, halafu akauliza taratibu, "Ukienda haja ndogo, huoni kitu?" Nikaanza kulia.

Kumbe ni kichocho. Darasa letu tulikuwa wengi. Huyo mdudu anatoka kwa konokono wa maji baridi, anaingia kwenye ngozi ukiwa umesimama tu majini, huhitaji kuyanywa. Wakati huo mpango wa kitaifa wa dawa za minyoo shuleni ulikuwa umeanza, na maeneo kama yetu yanapewa pia dawa ya kichocho. Wanakusimamisha kwenye mti wenye alama, urefu wako ndio unaosema umeze ngapi. Vidonge vyeupe vikubwa, vichungu kama shubiri. Mimi nilienda sijala, nikatapika mpaka kwenye viatu vya muuguzi. Mara ya pili nilimeza baada ya kupewa uji.

Muhula uliofuata daftari likasoma raundi saba.

Ndiyo maana mtu akiniambia PE ni kupoteza wakati, namuuliza: nani mwingine angeona? Mwalimu wa Hesabu ananiona nimekaa, na wote tumekaa.

Mama Wawili
@Kijana wa Sabaki umeniliza asubuhi asubuhi. Na hilo lambo bado lipo?

Kijana wa Sabaki
Lipo, dada. Na watoto wamo.

Mwalimu wa Gredi 6
Naona walimu tunatajwa, acha nami niseme. Mimi nafundisha upande wa ndani ya Malindi. Darasa langu lina wanafunzi 82. Kipindi ni dakika 35. Toa dakika tano za kutoka, tano za kurudi, kumi za kunywa maji kwa mfereji mmoja. Mpira ni mmoja, na ukigonga mchongoma basi tena.

Halafu kuna mtihani. Mwaka 2022 KPSEA, mtihani wa taifa wa Gredi ya 6, ilipofanywa mara ya kwanza, PHE (mazoezi ya mwili na afya) iliingizwa kwenye karatasi moja na sayansi, kilimo na sayansi ya nyumbani. Maana yake mazoezi ya viungo yakaulizwa kwa kalamu, chagua A, B, C au D. Nilikuwa na mtoto anaweza kutembea kwa mikono kutoka goli mpaka goli. Nilikuwa na mwingine hawezi hata kuruka kamba lakini kitabu amekimeza. Niambieni, karatasi ilimpenda yupi?

Mimi vipindi nimekula, sitaficha. Mzazi anapokuja hanitafuti kuniuliza mwanawe ana pumzi kiasi gani. Ananiuliza alama.

Kichwa Nazi
Mwalimu, heshima kwako kwa kukiri. Lakini swali langu: mtoto wa huko ndani anatembea kilomita nne kwenda, nne kurudi, na jioni mtungi wa lita ishirini. Huyo anataka PE ya nini? Shirika la Afya Duniani linasema mtoto apate dakika 60 za kutoa jasho kwa siku. Yeye ameshamaliza kabla ya gwaride.

Mwalimu wa Gredi 6
Wa huko ndani, kweli. Wa mjini je? Hao wanapandishwa tuktuk saa kumi na mbili u nusu, wanashushwa getini, jioni tuktuk tena, halafu simu ya mama. Na kubeba mtungi si kucheza, ndugu yangu. Hujawahi kuona mtoto anabeba mtungi akicheka.

Mzee wa Mokowe
Vijana, mnaongea kana kwamba haya yameanza jana. Mimi nilikuwa shule ya msingi kisiwani mwaka 1979, mzee Moi alipotoa maziwa ya Nyayo. Yalikuwa yanavuka kwa mashua kutoka bara, makasha yamefunikwa turubai. Pakiti za pembe tatu. Hukuhitaji kikombe, unatoboa pembe kwa jino na kufyonza. Yalikuwa yamefika ya moto kwa jua, na sisi tunayaona matamu hivyo hivyo. Siku ya maziwa hakuna aliyekwenda kuvua.

Pakiti tupu tulizishindilia ndani ya soksi, tukafunga kwa kamba ya makumbi, ndiyo boli yetu. Kwa hiyo kwa hesabu yangu serikali ilitupa maziwa na vifaa vya michezo kwa pamoja.

Lakini lile lilikuwa tamko la mkubwa. Miaka ya tisini likawa linakatika katika, mwishowe likakoma. Hakuna aliyeshtakiwa, kwa sababu hakuna sheria iliyovunjwa. Ndiyo nawaambia, kitu kisipoandikwa bungeni ni hisani.

Mama Wawili
Shikamoo mzee. Na kikiandikwa je? Niruhusu nikupinge kidogo.

Juni 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa, ikasainiwa: kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma apewe sodo bure, za kutosha, zenye ubora, na mahali salama pa kuzitupa. Imeandikwa, si hisani. Mimi nina mabinti wawili Malindi hapa, shule ya umma. Mkubwa alipata pakiti moja muhula mzima. Muhula uliofuata hakupata. Ukiuliza shuleni unaambiwa hazijaletwa, maana kazi ya kugawa iliondoka wizara ya elimu ikaenda idara ya jinsia, kwa hiyo mwalimu naye anangoja kama wewe unavyongoja.

Na hili linahusu PE moja kwa moja, msidhani nimetoka kwenye mada. Mwanangu alikuwa mchezaji wa netiboli, mlinzi, mrefu kama babake. Ghafla akaanza kuniletea barua: kichwa, tumbo, mguu. Mwalimu akaandika kwenye ripoti "amepoteza hamu". Hamu haijapotea popote! Alikuwa anakunja kitambaa cha kanga, na mtu haruki na kanga iliyokunjwa. Alikaa benchi na sweta kiunoni, Malindi hii, Februari hii, jua la kukausha ng'onda. Hakuna mwalimu aliyejiuliza sweta la nini.

Siku hizi nanunua mwenyewe nikipata. Nisipopata, hachezi.

Binti Matondoni
Sweta kiunoni. Yaa Rabi. Sote tumelifunga hilo sweta.

Raundi Kumi
Mimi nitasema fupi. Nachukia kukimbia mpaka leo na daktari ameniambia nikimbie, nina sukari inayonyemelea. Shuleni kukimbia ilikuwa adhabu. Umechelewa, raundi kumi. Umeongea Kiswahili siku ya Kiingereza, ruka kichura mpaka ofisini. Sheria ya 2013, kifungu cha 36, imekataza mwanafunzi kupewa adhabu ya kumtesa au kumdhalilisha, ya mwili au ya akili. Fimbo imepungua kweli. Lakini kichura nani anakihesabu kuwa adhabu? Wanasema ni mazoezi.

Nikivaa raba jioni miguu inauliza nimekosa nini.

Mlinzi wa Viatu
Jina langu hapa nimelichagua kwa sababu. Nilizaliwa na mguu uliopinda. PE yote, kuanzia darasa la kwanza mpaka la nane, kazi yangu ilikuwa kukaa chini ya mwarobaini nilinde viatu na saa za wenzangu. Walimu walikuwa wapole, waliona wananihurumia. Nilijua kila kiatu ni cha nani, hata kwa harufu.

Mara moja tu, mwanafunzi wa ualimu kutoka chuoni alikuja kujifunza kufundisha kwa wiki chache. Akaninyanyua, akanipa filimbi, akasema, "Wewe refa wa mstari." Sikujua sheria hata moja. Nikapuliza kila mpira ukitoka na kila usipotoka. Ilikuwa fujo, wakanitukana, nikafurahi mno. Alipoondoka nikarudishwa mwarobaini.

Kichwa Nazi
Mimi ndiye niliyeuliza PE ya nini. Nafuta.

Nahodha
Mmesahau jambo moja: viwanja vyenyewe. Mnakumbuka Januari 2015, watoto wa shule ya msingi ya Langata Road kule Nairobi walivyopigwa mabomu ya machozi kwa kutetea kiwanja chao? Huku pwani hakuna kelele hizo. Huku kinaliwa kimya kimya. Leo kigingi, mwaka kesho ukuta wa matofali ya matumbawe, na goli linasogezwa ndani hatua tano. Tuliposoma sisi kona ilipigwa kutoka kwenye mti wa mkungu. Nilipita juzi. Mkungu uko ndani ya ua la mtu.

MwanaMalindi
Nimesoma zote, zingine mara mbili. Leo asubuhi nilichelewa kazini makusudi nikapita shuleni. Sikwenda na vifungu vya sheria mkononi, nilikwenda na mpira mmoja na pampu. Mwalimu wa darasa, kijana mdogo, akaniangalia akidhani nimekuja kushitaki. Nikamuuliza tu: Jumatano kabla ya chakula jua ni kali, hakiwezi kuwa cha kwanza asubuhi? Akasema atamuuliza wa Hesabu, kwa sababu asubuhi ni yake. Nikasema mimi namfahamu wa Hesabu, tunaswali msikiti mmoja.

@Mama Wawili, nimemuuliza pia za sodo. Akasema kuna katoni mbili stoo, hajui zimekaa tangu lini, mwenye ufunguo yuko likizo. Nimeandika jina la mwenye ufunguo. Jumatatu narudi. Ukiweza tuende pamoja.

Mama Wawili
Saa ngapi?