Baridi yabisi inaua kweli au natishwa tu?

binti_tanga: Wakuu habari, mama yangu ana baridi yabisi, vidole vinavimba asubuhi vinakakamaa hadi kushika kikombe shida, dokta kasema ni rumatoidi. Sasa jirani kaja na yake eti huo ugonjwa unafupisha maisha, usingizi sina. Anameza tu diklofenaki, zile dawa za maumivu, za duka la dawa.

MzeeWaKliniki: Pole binti. Viungo vyenyewe sio vinavyoua, tatizo kubwa ni moyo, ule uvimbe wa ndani unaharibu mishipa ya damu na tafiti zilishaonyesha hatari ya kufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa inapanda kama 50% hivi. Halafu kuna mapafu kupata makovu, na maambukizi kama nimonia. Apimwe presha, sukari na kolestro, na sigara kama anavuta aache kabisa.

dada_faru: mi hizo diklofenaki za kila siku ndo zinanitisha, moyo, figo, vidonda vya tumbo, vyote humo humo. Mpeleke kwa daktari wa viungo aanzishiwe methotreksati mapema, ile dawa ya kudhibiti ugonjwa wenyewe, hata mi natumia. ILA ni mara moja kwa WIKI sio kila siku, watu wameshakufa kwa kuchanganya hapo

binti_tanga: Asanteni jamani. Na prednisoloni, ile dawa ya steroidi ya kushusha uvimbe, je? Kuna mtu kamsifia

MzeeWaKliniki: Inatuliza haraka kweli, ila ukikaa nayo muda mrefu kinga inashuka na mifupa inadhoofika. Kama kashaianza asiikate ghafla, amuone daktari kwanza.