Tupeane uzoefu: sasisho la BIOS lilipokwama, mashine yako ilirudije?

Mleta mada

Wakuu, naomba tukusanye hapa yaliyowakuta wale ambao kompyuta zao za mpakato ziliwahi kukwama wakati wa kusasisha programu dhibiti, ile inayoiamsha mashine kabla ya Windows au Linux, yaani BIOS, au UEFI kwenye mashine za sasa. Maelezo mengi huishia kwenye agizo la kusubiri bila kuzima. Agizo hilo ni sahihi, lakini halimfai mtu ambaye amekwisha kusubiri na bado anatazama skrini nyeusi. Kwa hiyo kila anayechangia aeleze kwanza alikwama katika hatua gani, kwa sababu kukwama kabla chipu inayohifadhi programu hiyo haijaanza kuandikwa na kukwama wakati inaandikwa ni mambo mawili tofauti kabisa, hata kama kwa macho yanafanana.

Nianze na langu. Sasisho lilikuja kupitia Windows pamoja na masasisho ya kawaida, mashine ikajiwasha upya, mstari wa maendeleo ukafika mwisho, kisha skrini ikazimika huku feni ikizunguka kwa kasi yake yote. Kibodi haikuitikia chochote, hata taa ya herufi kubwa. Niliiacha kwenye chaja nikaendelea na shughuli nyingine, nayo ikajizima na kujiwasha yenyewe zaidi ya mara moja kabla ya kufungua Windows kama kawaida. Baadaye nilielewa kwamba kifurushi kimoja kinaweza kubeba masasisho ya sehemu kadhaa: BIOS yenyewe, pamoja na kidhibiti kidogo kinachosimamia betri, feni na kibodi. Kidhibiti hicho kikiwa kinaandikwa upya, feni hukosa msimamizi na kibodi huwa bubu, kwa hiyo ukimya wa kibodi peke yake hauthibitishi kwamba mashine imekufa.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, yangu ilikwama kabla hata ya kuanza. Windows ilileta sasisho lilelile kila mara na kila mara likashindikana, bila madhara yoyote kwa mashine. Chanzo kilikuwa betri iliyochoka: programu dhibiti nyingi hukataa kuandika chipu ikiwa chaja haijachomekwa au chaji ya betri iko chini ya kiwango kilichowekwa na mtengenezaji, na betri yangu haikuweza kufika kiwango hicho hata ikiwa kwenye umeme. Nilibadilisha betri, sasisho likapita.

Mchangiaji wa pili

Kwa upande wa Linux, mimi hutumia fwupd, programu ya kusasisha programu dhibiti, ambayo huchukua faili kutoka LVFS, hifadhi ambako watengenezaji huweka masasisho yao. Mashine ilijiwasha upya kana kwamba hakuna kilichoombwa. Faili la sasisho huwekwa kwanza kwenye sehemu ndogo ya diski inayotumiwa na UEFI wakati wa kuwasha mashine, nayo kwangu ilikuwa imejaa mabaki ya mifumo niliyokwisha kuiondoa. Nilipoyafuta, kazi ilikwisha. Ukikutwa na hali kama hii, anza na amri ya `fwupdmgr get-history`, ambayo hukuonyesha matokeo ya jaribio lililopita, badala ya kurudia sasisho kwa kubahatisha.

Mchangiaji wa tatu

Naongeza jambo ambalo si kukwama, ingawa watu wengi hulihesabu hivyo. Baada ya sasisho, skrini ya buluu ilinidai ufunguo wa BitLocker, ulinzi wa Windows unaosimba data ya diski, wenye tarakimu 48. Diski ilikuwa imefungwa kwa msaada wa TPM, chipu inayotunza funguo za usalama, na TPM ilipoona vipimo vya programu dhibiti vimebadilika ilikataa kuifungua. Ufunguo wangu ulikuwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft, nikausoma kupitia simu. Siku hizi nasitisha ulinzi huo kwa muda kabla ya kusasisha BIOS.

Mchangiaji wa nne

Mimi ni fundi, na mashine zinazonifikia ni zile zilizokwisha kushindikana. Nakubaliana na mleta mada kuhusu subira, ila subira nayo ina ukomo. Ikiwa saa kadhaa zimepita, feni haibadiliki, taa haziwaki tofauti na mashine haijiwashi upya, hapo kuzima kwa kushikilia kitufe ni jambo lisiloepukika.

Kabla ya kufungua skrubu, jaribu njia ya uokoaji ambayo mtengenezaji ameiweka. Kwenye kompyuta nyingi za HP, chomeka chaja, shikilia kitufe cha Windows pamoja na herufi B, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde mbili au tatu, kisha kiachie huku ukiendelea kushikilia vile viwili. Kwenye Dell nyingi za sasa, hushikiliwa Ctrl na Esc wakati chaja inachomekwa. Ikiwa nakala ya akiba iliyomo kwenye mashine haifai, faili sahihi huandaliwa kwenye flashi ya mfumo wa FAT32 kwa kutumia kompyuta nyingine, na liwe la modeli ileile, si la modeli inayofanana nayo.

Mleta mada

Ahsante, fundi. Na pale ambapo hata njia hiyo imegoma?

Mchangiaji wa nne

Hapo chipu huandikwa moja kwa moja kwa kifaa cha kuprogramu, mara nyingi kwa kibanio cha miguu minane, betri na chaja zikiwa zimeondolewa. Angalia kwanza volti yake, kwa kuwa zipo za volti 3.3 na za volti 1.8, na kukosea hapo kunaweza kuiunguza. Kisha soma yaliyomo mara mbili na ulinganishe nakala hizo kabla ya kufuta chochote. Ndani ya chipu hiyo kwa kawaida kuna namba ya utambulisho ya mashine na mara nyingi ufunguo wa leseni ya Windows, kwa hiyo fundi anayepakua faili la mashine ya mtu mwingine na kulimwaga humo anakurudishia kompyuta inayowaka lakini yenye utambulisho usio wake. Mwulize kama amehifadhi nakala ya awali, na umwombe akupe faili hilo pamoja na mashine yako.