Morrowind kwa mara ya kwanza: uitie modi au uicheze ilivyotoka?

Mleta mada

Wakuu, gemu ya kompyuta ya Morrowind ilitoka 2002. Nyongeza yake ya Tribunal ikaja mwaka huohuo, Bloodmoon ikafuata 2003. Anayeianza leo anakutana na makundi mawili. La kwanza linamwambia asiguse kitu, modi (mabadiliko yanayotengenezwa na wachezaji) ni za mzunguko wa pili. La pili linamtupia orodha ya modi mia tatu na kumuonya asithubutu kufungua gemu bila hizo. Naona wote wanamchanganya mgeni tu. Mpaka uwekwe wapi? Ukitaja modi, sema inagusa nini na ikikosekana kinaharibika nini.

Mzee_wa_Balmora

Bila modi. Hakuna mshale wa kukuonyesha pa kwenda kwenye gemu hii, na hiyo ndiyo raha yake. Mtu anakwambia fuata mto, vuka daraja, ukifika njia panda shika kushoto. Wewe unafungua shajara, unasoma, unatafuta kibao cha barabarani. Usafiri nao una mpangilio wake: silt strider (wadudu wakubwa wanaobeba abiria) zina njia zao, mashua zina zake, waongozaji wa Mages Guild (chama cha wachawi) wanakurusha kati ya miji yenye ofisi zao, halafu kuna uchawi wa kujihamisha: Mark na Recall, Almsivi Intervention na Divine Intervention. Kuujua mtandao huo ni nusu ya gemu. Mgeni akiwekewa alama za misheni na kusafiri kwa kubofya ramani, amenunua kitu kingine.

Fundi_Faili

Mkuu, kwenye mshale niko na wewe. Lakini "ilivyotoka" ina mtego. Morrowind.exe ni programu ya biti 32 iliyoandikwa kwa kompyuta za miaka ile. Kuganda, kujifunga ghafla, misheni inayokwama kwa sababu mstari mmoja wa skripti umekosewa: hakuna mbunifu aliyekaa mezani akayapanga hayo. Kurekebisha dosari si kubadilisha gemu.

Njia ziko mbili, na unachagua moja.

Ya kwanza ni OpenMW, injini mpya ya chanzo huria inayosoma mafaili ya gemu yako halali. Inakwenda Windows, Linux na macOS. Weka gemu nje ya Program Files, kwa sababu Windows hulinda folda ile na mabadiliko yako yanaweza kuishia kwenye nakala iliyofichwa usiyoiona. Fungua kisaidizi cha usakinishaji cha OpenMW, kionyeshe Morrowind.esm (faili kuu la data za gemu) ilipo, kubali kuhamisha mipangilio ya Morrowind.ini, kisha hakikisha Morrowind.esm, Tribunal.esm na Bloodmoon.esm zimewekewa tiki kwa mpangilio huo. Ongeza mbili tu: Patch for Purists, inayosahihisha misheni, maongezi na vitu vilivyokosewa bila kuleta maoni ya mtengenezaji wake, na Morrowind Optimization Patch, inayosafisha meshi (maumbo ya vitu) ili kompyuta isihangaike. Kila modi iweke kwenye folda yake, uongeze njia ya folda hiyo kwenye mipangilio. Usimwage kitu ndani ya Data Files. Siku ukitaka kuitoa, unaiondoa kwenye mipangilio tu.

Ya pili ni injini ya zamani pamoja na Morrowind Code Patch, inayorekebisha Morrowind.exe yenyewe. Tunza nakala ya exe kwanza. Ukiifungua utaona orodha ndefu ya tiki. Acha zile ilizochagua yenyewe. Sehemu inayobadilisha mizani ya uchezaji usiiguse. Patch for Purists inaingia hapa pia. MGE XE ni ya vivuli na kuona mbali, si lazima.

Wengi wanakwama wanapochanganya njia hizi. Code Patch haina kazi yoyote kwenye OpenMW, maana OpenMW haitumii exe ile. Modi zinazotegemea MWSE (kiongezi cha skripti cha injini ya zamani) hazifanyi kazi OpenMW, na za Lua (lugha ya skripti) ya OpenMW hazifanyi kazi kwingine. Halafu injini ya zamani hupanga modi kwa tarehe ya faili. Ukinakili folda na tarehe zikabadilika, mpangilio umevurugika na hutaambiwa.

Mzee_wa_Balmora

Hapo sina ugomvi. Hofu yangu ni kwamba anayeanza na kiraka haishii kwenye kiraka.

Kobe_Mvivu

Wote mmeruka sababu kubwa ya watu kuacha gemu hii. Mgeni anaokota kile kisu ofisini Seyda Neen, kijiji cha kuanzia, anatoka nje, anakutana na panya au kaa wa udongo, anapiga mara kumi na tano, zote hewa. Upanga unaonekana umepita mwilini na hakuna kinachotokea. Modi ya kumfanya apige kila mara inamwokoa. Bora acheze gemu iliyolegezwa kuliko aiache dakika ya ishirini.

Hesabu_Tu

Tuweke namba mezani, maana watu wengi wanalaumu bahati.

Uwezekano wa kupiga unapatikana hivi: chukua ujuzi wako wa silaha hiyo, ongeza Agility (wepesi) gawanya kwa 5, ongeza Luck (bahati) gawanya kwa 10. Zidisha jumla kwa kipimo cha pumzi: 1.25 mstari wa kijani ukiwa umejaa, 1.0 ukiwa nusu, 0.75 ukiwa umeisha. Toa kinga ya adui, ambayo ni Agility yake gawanya kwa 5 na Luck yake gawanya kwa 10, nayo ikizidishwa kwa pumzi yake. (Athari za Blind, Sanctuary na Fortify Attack, zinazoongeza au kupunguza uwezekano huo, naziacha kando.)

Mgeni wa Kobe ana Short Blade (ujuzi wa visu) 5 kwa sababu hakuichagua, Agility 40, Luck 40. Ni 5 + 8 + 4 = 17, mara 1.25 ni 21.25. Adui mwenye 40 na 40 aliyejaa pumzi ana kinga ya 15. Inabaki asilimia 6. Na huyo hajakimbia bado! Akifika amekimbia hadi mstari wa kijani umekauka, 17 mara 0.75 ni 12.75, chini ya kinga. Hapigi kamwe.

Sasa chukua mtu wa kabila la Redguard aliyeweka Long Blade (ujuzi wa panga ndefu) kwenye ujuzi mkuu na mkazo wake ni mapigano: 30 za ujuzi mkuu, 15 za kabila, 5 za mkazo, jumla 50. Ni 62 mara 1.25, yaani 77.5, toa 15: asilimia 62. Mtu yuleyule pumzi ikiisha anabaki na 31 hivi.

Gemu ileile, dakika ileile ya kwanza: 6 au 62. Kinachotofautisha ni fomu aliyojaza kwa yule mzee wa ofisini. Mwambie mambo matatu: chagua silaha moja na uiweke kwenye ujuzi mkuu, tumia silaha ya aina hiyo peke yake, na tembea unapomkaribia adui. Hakuna modi hapo.

Kobe_Mvivu

Ndugu, umethibitisha hoja yangu. Gemu haimwambii lolote kati ya hayo. Kama lazima asome hesabu kwanza, basi nyie ndio modi yake.

Hesabu_Tu

Hapo umenibana kidogo, nakiri. Lakini tazama modi hiyo inavunja nini. Nyingi zinakupa Fortify Attack kubwa ya kudumu. Agility inapoteza nusu ya maana yake, Luck inakaribia kuwa pambo, Sanctuary ya adui haina kazi, na mstari wa kijani unaacha kuamua mapigano. Adui wao bado wanatumia kanuni ya zamani, kwa hiyo wewe hukosi na wao wanakosa. Wachawi wanabaki palepale, kwani uchawi una kanuni yake: ujuzi mara mbili, ongeza Willpower (nguvu ya nia) gawanya kwa 5 na Luck gawanya kwa 10, toa gharama ya uchawi, zidisha kwa kipimo kilekile cha pumzi. Mwenye upanga amebebwa, mwenye fimbo bado anakohoa.

Mzee_wa_Balmora

Na akifika leveli ya 10 atasema gemu ni rahisi mno. Atatafuta modi ya kuikaza. Modi ya kuponya modi.

Ngazi_kwa_Ngazi

Mmesahau kupanda leveli, ambako ushauri mbaya umejaa tele. Ukipandisha ujuzi wa sifa fulani mara 10 ndani ya leveli moja, sifa hiyo inaongezwa 5. Mara 5 hadi 7 inaongezwa 3. Mara 1 hadi 4 inaongezwa 2. Afya inayoongezeka kila leveli ni sehemu moja ya kumi ya Endurance (ustahimilivu), na haihesabiwi kurudi nyuma. Ndipo watu wanapoanza kuandika daftari, kuruka kando ya ukuta ili ujuzi upande, kuacha silaha zao kwa kuogopa "kupoteza" leveli. Kisha wanamuuzia mgeni modi za kupanda leveli kama NCGDMW au Galsiah.

Hana haja nazo mara ya kwanza. Gemu inalegea yenyewe kuanzia katikati, hata kwa mtu asiyehesabu. Aongeze Endurance mapema kila inapotoa 3 au zaidi, mengine ayaache yaende. Modi hizo ni nzuri kweli, ila zinajibu kero ambayo mgeni hajaipata.

Panga_la_Usiku

Nina swali kwa Mzee. Ukiweka gemu leo, Tribunal inakuja nayo. Mgeni analala usiku wa pili au wa tatu, muuaji wa Dark Brotherhood (kundi la wauaji wa kukodiwa) anamwamsha. Akifa, amekufa akiwa leveli ya 1. Akishinda, anavua silaha na mavazi ambayo akiyauza shida ya fedha ya mwanzo imekwisha. Kisha akiuliza walinzi anaelekezwa Ebonheart kwa Apelles Matius, na akifuata anajikuta Mournhold, mji wa watu waliokwishaimaliza hadithi, kabla hajampelekea Caius Cosades kifurushi cha misheni ya kwanza. Huo nao ni ubunifu wa asili?

Mzee_wa_Balmora

Ni dosari ya mpangilio. Alichoka mtu kazini.

Panga_la_Usiku

Aliyecheza 2002 kabla ya Tribunal hakuwahi kuamshwa na muuaji. Nyongeza iliuzwa baadaye kwa watu ambao wengi wao walikuwa na wahusika waliokomaa. Leo vyote vinawashwa siku moja. Kwa hiyo anayeweka modi ya kumchelewesha muuaji yuko karibu na gemu ya 2002 kuliko wewe usiyeweka kitu.

Fundi_Faili

Hoja nzito hiyo. Niongeze tahadhari: kuna wanaoshauri uondoe tiki ya Tribunal.esm hadi ukomae. Kama umeweka Patch for Purists, usifanye hivyo, inadai esm zote tatu. Tumia modi ndogo ya kuchelewesha. Hii ningeiweka kundi moja na viraka.

Mzee_wa_Balmora

Sawa, muuaji nimemwachia. Ila sasa mtafika kwenye ukungu unaoficha vya mbali, na hapo sisogei.

Kobe_Mvivu

Ukungu ni udhaifu wa kompyuta za zamani, kila mtu anajua.

Mzee_wa_Balmora

Ulianza kama udhaifu, lakini kisiwa kizima kikapimwa kwa huo. Ukitazama Vvardenfell, kisiwa chenyewe, bila ukungu unagundua ni padogo: miji imekaribiana, na lile pango ulilolitafuta robo saa liko nyuma ya kilima cha pili. Mwendo wa mhusika mpya ni wa polepole, njia zinapinda ili usione mbele. Ukungu ukiondoka, "fuata njia hadi uone mnara" inageuka kuwa mnara unaouona tangu mlangoni.

Fundi_Faili

Si lazima uchague kati ya ukuta wa kijivu na kuona kisiwa chote. Seli (kipande cha ramani) moja ya nje ina upande wa vipimo 8192, na umbali wa juu wa injini ya zamani ni 7168, hata seli moja haufiki. Kwenye OpenMW fungua settings.cfg, chini ya Camera andika viewing distance = 16384, chini ya Terrain andika distant terrain = true. Hizo ni seli mbili. Unaona kilima kinachofuata, huoni mji unaofuata. Wanaoharibu ni wanaosukuma hadi seli kumi na zaidi, kisha wanashangaa kompyuta inapiga kelele na dunia imekuwa uwanja.

Mzee_wa_Balmora

Seli mbili naweza kuvumilia. Moja na nusu ingekuwa bora.

Sura_Mpya

Na za sura? Nyuso za wahusika zile kusema kweli zinatisha.

Ngazi_kwa_Ngazi

Tekscha (picha zinazofunika vitu) zilizokuzwa hazidhuru kitu, zinachukua diski tu. Miili ndiyo yenye mlolongo: ukiweka Better Bodies, nguo za zamani zilikatwa kwa miili ya zamani, viungo vya shingo na mikono vinaachana, inabidi uongeze Better Clothes, halafu silaha za mwilini, halafu vichwa. Hapo ndipo mtu wa modi mbili anapofika arobaini.

Sura_Mpya

Tamriel Rebuilt je? Wanasema ardhi yake ni kubwa kuliko kisiwa chenyewe.

Fundi_Faili

Haigusi hadithi kuu, inaongeza bara lililo ng'ambo, na inahitaji Tamriel_Data ipakiwe kabla yake. Unaweza kuiweka hata katikati ya safari. Kuitoa ndiko kubaya: vitu vyake vilivyo kwenye mkoba na misheni zake kwenye shajara vinabaki bila mwenyewe ndani ya faili la hifadhi. Kwa hiyo mgeni asubiri, hapotezi kitu.

Na wale mnaochimba modi za 2003 na 2004: zipitisheni kwenye tes3cmd (programu ya kusafisha modi) kwanza, kwa amri ya clean. Kifaa cha kutengenezea modi kilikuwa na tabia ya kupachika mipangilio 72 ya gemu ambayo mtengenezaji hakuikusudia, na modi ya kiti na meza inaweza kukubadilishia vitu vya Bloodmoon bila wewe kujua. Patch for Purists haina uchafu huo, isafishwe ya nini.

Kobe_Mvivu

Kisu cha ofisini bado naona kingeandikwa onyo.