Kikundi cha Familia: Harusi ya Rehema

[18:42] Dada Pendo: Mbukwenyi. Jana usiku faili la mchango lilisoma 840,000. Elia kaingiza 50,000 kutoka Kibaigwa, shangazi 30,000 kutoka Mpwapwa. Lilitakiwa lisome 920,000, linasoma 870,000. Nataka majibu kabla ya saa mbili, mwenye maturubai anadai advansi.

[18:51] Dada Pendo: Naona tiki za bluu. Mnasoma tu.

[19:10] Kaka Elia: Nilikuta 840, nikaandika 890.

[19:11] Shangazi Foibe: Na mimi nilikuta 840, nikaandika 870. Meseji ya muamala ninayo.

[19:13] Nehemia UDOM: Hapo hapo! Pesa ipo, hesabu ndiyo imefutika. Mmesoma 840 kwa pamoja, shangazi akahifadhi juu ya 890 ya kaka. Ndiyo maana mfumo endeshi wa kompyuta unaweka kufuli, akiingia mmoja mwingine anangoja nje. Dijkstra, Mholanzi, alileta semafoo, yaani alama ya nani apite na nani angoje, kwa tatizo hilihili miaka ya 1960.

[19:14] Musa: Kwa hiyo shangazi kala hamsini 😂😂

[19:15] Shangazi Foibe: Musa, koma. Mnataka kuniletea tena yale ya alizeti.

[19:15] Kaka Elia: Ya alizeti hayajaisha shangazi.

[19:16] Dada Pendo: Jamani, maturubai!

[19:20] Nehemia UDOM: Dada, na ile laki mbili ya wiki jana? Uliitoa kwenye faili la harusi kwenda faili la chakula, umeme ukakatika, kule haikufika. Kabla ya kugusa hesabu andika pembeni: naanza, harusi ilikuwa kiasi gani itakuwa kiasi gani, chakula hivyohivyo. Ukimaliza andika "imekamilika". Umeme ukirudi, kazi yenye neno hilo inatekelezwa upya kama haikuingia. Isiyo nalo, unarudisha kiasi cha zamani, kana kwamba hukuanza.

[19:22] Musa: Chakula ni mbuzi au kuku?

[19:22] Binamu Yona: Mbuzi wa Bahi 🔥

[19:24] Dada Pendo: Basi nafunga faili la harusi, Elia afunge la chakula.

[19:25] Nehemia UDOM: Hapana dada! Wewe utalihitaji la chakula, yeye la harusi, mtangojeana mpaka harusi ipite. Wote mwanze na la harusi, ndipo la chakula. Mpangilio ukiwa mmoja hakuna kukwama.

[20:37] Babu: Nimesomewa yote. Kesho mtu asiguse faili. Foibe na Elia mje Hombolo na meseji zenu. Alizeti ile ilikuwa jasho la marehemu mama yenu, nimenyamaza vya kutosha. Nayo tutaizungumza.

[20:52] Kaka Elia: Sawa babu.

[20:58] Shangazi Foibe: Nimesikia baba.

[21:03] Dada Pendo: Sawa babu. Mwenye maturubai nimwambieje?

[21:30] Dada Pendo: ??

[22:46] Mama Mkubwa: Ndo nashika simu. Hiyo 920 ni pamoja na yangu?

[22:47] Dada Pendo: Yako ipi mama mkubwa?