Maji ya rangi za batiki, naweza kuyasafisha kwa jua na ule unga mweupe? (Niko Arusha)

batiki_ya_uani

Wakuu habari zenu. Naomba msaada wa mawazo maana hili jambo linanikosesha raha. Natengeneza batiki hapa Arusha, nafanyia uani nyumbani, na kila nikimaliza kupika rangi nabaki na ndoo tatu au nne za maji yenye kostiki (soda kali), haidrosi (ule unga unaoondoa oksijeni ili rangi iyeyuke) na rangi, na miaka yote nilikuwa namwaga kwenye mtaro wa mbele ya geti naona yamepotea basi. Juzi mtaro ulikuwa mkavu, nikamwaga halafu nikasema ngoja niyafuate nione yanaishia wapi, nikayafuata kwa miguu mpaka kwenye kijito kinachoshuka kuelekea mto Themi na pale chini kidogo kuna mama anachota kwa kopo anamwagilia mchicha. Maji ya bluu yangu mimi. Nilisimama pale nikashindwa hata kumsalimia.

Sasa nimeona video watu wanatia unga mweupe unaitwa titani dioksidi kwenye maji machafu ya kiwanda cha nguo, wanaanika juani, rangi inaisha. Wanasema ni kichocheo, chenyewe hakiishi, kinafanya kazi kwa mwanga tu. Na huku jua lipo. Kuna fundi rangi kaniambia unga huohuo ndo unatiwa kwenye rangi nyeupe ya nyumba na duka analijua. Je ni kweli inafanya kazi? Unga wa dukani unafaa? Na kama unasafisha rangi, si utatoa na hii floraidi inayotuchafua meno huku kwetu?

mwl_kemia_moshi

Dada pole, na hongera kwa kuyafuata maji yako, wengi wetu hatujawahi.

Ni kweli inafanya kazi. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Fujishima na Honda, walionyesha kwamba titani dioksidi ikipigwa na mwanga ndani ya maji inaweza kuyapasua maji yenyewe, na baada ya hapo watu wakaanza kuitumia kusafishia. Iko hivi, mwanga ukiipiga ile chembe elektroni inaruka kutoka mahali pake inaacha tundu, na lile tundu lina njaa kweli, linanyang'anya elektroni kwenye maji yanayoigusa chembe, hapo inazaliwa kitu inaitwa radikali ya haidroksili. Hiyo haichagui, inatafuna karibu kila kitu chenye kaboni, rangi, dawa za wadudu, hata ngozi ya bakteria, na ikipewa muda wa kutosha inamaliza mpaka inabaki kaboni dioksidi, maji na chumvi kidogo.

Ila inataka mwanga wa yuvi (UV, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho), chini ya nanomita 390 hivi, na kwenye jua lote linalotufikia yuvi ni kama asilimia 5 tu. Sisi tuko juu na karibu na ikweta kwa hiyo tuna nafuu, lakini zile asubuhi za Juni na Julai mawingu hayaachii usitegemee sana.

Unga wa duka la rangi USINUNUE. Chembe zake zimevalishwa koti la silika au alumina makusudi ili zisifanye kazi hiyo unayoitaka wewe, maana zingekuwa uchi zingeitafuna rangi yenyewe ukutani, ukuta ungeanza kutoa vumbi kama chaki. Unaofaa ni ule wa maabara, zaidi aina ya anatasi (moja ya maumbo ya fuwele za titani dioksidi).

fundi_maabara_maji

Naungana na mwalimu ila dada nikuambie ukweli nisikupotezee hela, maji yako kama yalivyo sasa hivi ndo maji mabaya kabisa ya kutia hiyo kitu. Kwanza ni meusi, mwanga hauvuki hata sentimita chache, chembe za katikati ya ndoo ziko gizani zimekaa bure. Pili haidrosi yenyewe inakula oksijeni na inakula hizo radikali kabla hazijaifikia rangi, utakuwa unachoma jua kusafisha haidrosi. Tatu kostiki, kwenye maji makali ya besi uso wa titani unakuwa na chaji hasi na rangi nyingi nazo ni hasi, zinasukumana, haziguswi. Ongeza na bikaboneti (aina ya chumvi ya asili) iliyojaa kwenye maji mengi ya huku Meru, nayo inazimeza radikali. Hizo video wanaanza na maji mepesi yenye rangi kidogo sana, ndo maana yanaisha unaangalia.

Floraidi hapana. Floraidi ni ayoni, yaani chembe yenye chaji iliyoyeyuka majini, haina kaboni ya kutafunwa, mwanga utaipiga hata mwezi mzima na itabaki ileile. Inatolewa kwa kunaswa, kama mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kile kituo cha Ngurdoto kazi yake ndo hiyo. WHO wanataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, hiyo tafuta chujio lake peke yake usichanganye mambo mawili.

Na ukitia unga lazima ujue utautoaje, ni mwembamba mno unapita kwenye kitambaa. Bora ule uliogandishwa kwenye kioo au kokoto, maji yanapita juu yake.

mama_batiki_moshi

Mdogo wangu, mimi nimefanya batiki toka wanangu hawajaanza shule, wako chuo sasa. Kabla hujafika kwenye hizo titani, rangi unayotumia ni ipi? Kama ni ya kupika na haidrosi basi jibu unalo mkononi kila siku. Ukitoa kitambaa kwenye beseni la bluu si kinatoka kijanikijani halafu hewa ikikipiga kinageuka bluu na hakitoki tena hata ufue? Hiyo rangi ikishapata hewa haiyeyuki kwenye maji. Inayoshika kwenye kitambaa ndo hiyohiyo iliyobaki kwenye ndoo, kwa hiyo yape maji hewa! Acha yapoe kwanza utoe nta inayoganda juu, uiweke utaitumia tena. Kisha yapige kwa mwiko, mimina ndoo kwenda ndoo mara nyingi kama unapoza chai, yaache wazi usiku kucha. Asubuhi rangi iko chini tope.

Na ambaye anatumia ile rangi ya baridi ya chumvi na magadi asidanganyike na hii njia, ile inabaki imeyeyuka, haikai chini ng'o.

fundi_maabara_maji

Mama umeniongezea kitu, asante sana. Na hapo ndo naona jua lina nafasi yake, hizo rangi za chumvi na magadi, na yale masalia mepesi yanayobaki juu baada ya tope kukaa chini. Trei pana, maji kina cha vidole viwili, kioo kilichopakwa kichocheo chini. Kwenye ndoo ndefu hapana.

Dada jambo moja zito. Ukitaka kupunguza kostiki kwa siki, USITIE siki wakati haidrosi bado ipo, inatoa gesi ya salfa inakaba kifua. Hewa kwanza, usiku mzima, halafu siki kidogokidogo mpaka litmasi nyekundu (karatasi ya kupimia asidi na besi) iache kugeuka bluu, ndo utie shabu kidogo kukusanya kilichobaki. Vaa glavu.

mwl_kemia_moshi

Nami niongeze, rangi kupotea machoni siyo maji kuwa safi. Molekuli ikikatika katikati rangi inaisha lakini vipande bado vipo na vingine vibaya kuliko rangi. Hata kwenye jua maji yakishakuwa meupe usiyatoe palepale, yaache yaendelee.

batiki_ya_uani

Nimerudi. Jana jioni nilichukua ndoo moja tu ya bluu, nimetoa nta, nikamiminia ndoo kwenda ndoo na binti yangu mpaka mikono ikauma, maji yalianza kijani yakaenda yakawa bluu nzito kabisa mbele ya macho yetu. Leo asubuhi saa kumi na mbili nimetoka na tochi. Juu yamekuwa kama maji ya kuoshea mchele, naona mpaka chini, na chini kuna tope la bluu unene wa kidole, laini kama uji. Nimeyamimina taratibu kwenye ndoo ya pili, bado sijamwaga popote, nasubiri litmasi binti ataleta kutoka shule.

Tope nimelichuja kwa kipande cha kanga cha zamani limebaki donge. Mama wa Moshi, hilo donge wewe unalipeleka wapi? Shambani sitaki.

mama_batiki_moshi

Likaushe, liweke kwenye ndoo yenye mfuniko. La kwangu la miaka yote halijajaza ndoo mbili mdogo wangu. Hebu fikiria lingekuwa mtoni.