Askari wetu waliokufa Somalia: walale kwao au makaburi ya taifa?

Ndugu zangu, nauleta mjadala huu kwa sababu kwenye matanga ya kijana mmoja wa jeshi hapa mtaani kwetu Jinja, Uganda, wazee waligawanyika hadi sauti zikapanda. Mmoja alisema serikali itenge uwanja mmoja wa makaburi kwa wanajeshi wote wanaofia vitani. Wengi walimjia juu: mtu huzikwa kwao, kwenye ardhi ya baba zake, basi.

Mimi niko na yule mzee mmoja, ingawa si kwa kila alilosema.

Jeshi letu liko Somalia tangu Machi 2007. Kambi ya Buulo Mareer iliposhambuliwa tarehe 26 Mei 2023, Rais alitangaza kwamba tumepoteza askari 54. Miili hushushwa uwanja wa ndege wa Entebbe, jeneza hufunikwa bendera, kisha kila mmoja anapelekwa kijijini kwake. Risasi za heshima zinapigwa, maafande wanahutubia, magari yanaondoka. Kuanzia hapo kaburi ni la mjane.

Kijijini kwa mama yangu nimeliona la namna hiyo. Miaka ilipita, watoto wakahitaji karo, kipande kile cha ardhi kikauzwa. Mnunuzi hakuwa mtu mbaya. Alinunua shamba, akalilima. Leo pale pana mihogo, na nikimwonyesha mtu mahali askari yule alipolala, nakisia tu.

Sasa nendeni hapa hapa Jinja, kwenye makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Wamelala pale askari wa Vita vya Pili vya Dunia, wakiwemo wa Afrika Mashariki. Ni zaidi ya miaka 80, na nyasi bado zinakatwa! Tume inayoyatunza ilianzishwa 1917, na gharama zinachangiwa na serikali sita, Uingereza na India zikiwemo. Hakuna mjane anayesubiriwa auze mbuzi ili jiwe lisafishwe.

Najua mtakalonijibu, na ni kweli: tume hiyo hiyo ilitubagua. Ripoti yake ya 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wetu, waliolibebea jeshi mizigo, wamo humo. Sanamu ya Nairobi inawaita miguu na mikono ya jeshi, lakini mguu hauna jina. Hilo linaniuma, maana kaka yake babu alikwenda Burma katika Vita vya Pili na Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki (KAR), na hakurudi. Nyumbani hana hata jiwe. Bibi alikuwa akimwita kwa jina kila tulipofanya dua, na bibi alipofariki, wa kumwita akakosekana.

Majirani zetu Watanzania waliwakusanya askari wao waliofia vita vya 1978 na 1979 kwenye makaburi ya Kaboya, huko Kagera. Huko mtoto wa shule anaweza kupelekwa akaonyeshwa. Sisi wetu wametawanyika, na ukiuliza ni wangapi, hakuna ukuta wa kukujibu.

Hoja ya mama ndiyo inayonishinda. Kijana wa Bushenyi akilazwa mbali, mama yake atapanda basi mara ngapi kwenda kumlilia? Siwezi kumwambia mama huyo avumilie kwa ajili ya taifa. Wamarekani walikutana na jambo hili baada ya Vita vya Kwanza wakaziuliza familia zenyewe: zaidi ya miili 40,000 ilirudishwa kwao, na karibu 30,000 ikabaki Ulaya chini ya ulinzi wa serikali. Nasi tuulize. Anayetaka kwao, apelekwe kwao, lakini kaburi liingizwe kwenye daftari la jeshi, lijengwe na litunzwe kwa fedha za umma, na ardhi ile isiuzwe pamoja na shamba. Anayekubali makaburi ya taifa, alazwe pale, koplo kwa kanali, mawe sawa. Na majina ya wote, popote walipolala, yachongwe mahali pamoja.

Nyie mnaosema kila mtu kwao, nijibuni hili kwanza: shamba likiuzwa, kaburi la askari linabaki mikononi mwa nani?