Naomba ushauri: filamu yangu ya mazimwi ya mpira ilichekwa, na Jumamosi zamu yangu inarudi

Kijana wa Kihonda:
Wakuu, habari zenu. Kila Jumamosi usiku tunakusanyika kwa shemeji yangu hapa Morogoro, watu saba au nane, na kila mmoja ana zamu ya kuchagua filamu. Zamu iliyopita niliweka Bad Taste ya mwongozaji Peter Jackson, ya mwaka 1987. Haikumaliza nusu saa. Mmoja akasema zile sura za mpira za mazimwi ni ndoo zilizopakwa rangi, kicheko kikalipuka, rimoti ikachukuliwa, tukaishia kutazama mpira.

Iliniuma sana. Kasoro zake nazijua, nimeitazama mara nne. Midomo inakwenda huku na sauti inakuja kule, kwa kuwa walirekodi picha bila sauti, maneno yakaingizwa baadaye. Bunduki ni za kujitengenezea, mwigizaji anaitikisa kwa mikono ionekane inapiga. Katikati inazubaa. Lakini hao walikuwa vijana wenye kazi zao, wakirekodi wikiendi kwa takriban miaka minne kule Pukerua Bay, New Zealand, na sura za wale viumbe wa sayari nyingine zilikaushwa kwenye oveni ya mama yake Jackson. Halafu ile sehemu ya mwambani! Jackson anaigiza watu wawili, mmoja ana ndevu, mwingine hana, na hapo anapambana na yeye mwenyewe. Siichoki.

Niwawekee tena? Nibadilishe? Au hizi nizitazame peke yangu tu?

Fundi Spika:
Mkuu, uliwaanzishia pagumu. Viumbe wa Bad Taste wanasimama peupe, mchana, kwenye majani. Asiyezoea akiona mpira juani anaona mpira.

Anza na Monsters ya Gareth Edwards, 2010. Bajeti ndogo, waigizaji wakuu wawili, kikosi kidogo, na wengi unaowaona ni wenyeji waliokutwa hukohuko njiani. Viumbe alivitengeneza Edwards mwenyewe kwenye kompyuta, nyumbani. Ndiyo maana anavibania: unasikia mlio, unaona mkono mmoja mrefu gizani, basi. Mpaka ile sehemu ya mwisho kwenye kituo cha mafuta. Hapo nilijikuta nimeshika pumzi.

Ila waambie mapema kwamba inakwenda taratibu, mapenzi ni mengi kuliko hofu. Zima taa zote, na usitumie spika za runinga, azima hata sabufa. Kwenye filamu za namna hii sauti ndiyo inayobeba zimwi.

Mama Tuma:
Mwanangu, sisi wa Temeke tulikulia kwenye vibanda vya video. Lufufu, yule mtafsiri wa filamu za nje, anatafsiri juu ya sauti za waigizaji wote, wanaume kwa wanawake, na hakuna aliyelalamika kwamba midomo haifanani. Tulisahau kabisa. Halafu ikaja Nsyuka, filamu ya kutisha ya Mussa Banzi, ya hapahapa kwetu. Ukiitazama leo utaiona ya kawaida, lakini mimi choo cha uani usiku nilikuwa nasindikizwa.

Kwa hiyo wasimulie. Kaa mbele, waambie habari ya oveni kabla sura haijatokea, siyo baada ya kucheka. Na kwa shemeji yako kuna watoto? Ile filamu ina ubongo na matapishi. Hakikisha wamelala.

Msomaji wa Kilakala:
Naomba kupishana kidogo na wenzangu. Jasho la mtengenezaji halifanyi filamu iwe nzuri. Wapo waliohangaika miaka kumi wakatoa kitu kisichotazamika. Ukiwaambia wenzako waipende kwa sababu ya oveni, unawaomba sadaka.

Mimi naipenda Bad Taste kwa sababu haiishiwi mbinu. Derek, mmoja wa wale wawili anaowaigiza Jackson, kaanguka mwambani, fuvu limepasuka kisogoni, ubongo unavuja. Anaurudisha kwa mkono, baadaye anajifunga mkanda wa suruali kichwani na kuendelea na kazi! Nani mwenye pesa nyingi angethubutu kuweka hilo? Waonyeshe hapo. Na sehemu inayozubaa iruke, usiitetee.

Kijana wa Kihonda:
Asanteni sana. Msomaji, umenigusa, maana kweli nilikuwa nimeshaandaa hotuba ya oveni. Nitaisema kwa sentensi moja, niwawekee dakika kumi za mwambani na ule mkanda, kisha Monsters nzima. Shemeji kakubali taa zizimwe, na watoto watalala kwa bibi yao. Sabufa nimeahidiwa na jirani.

Mama Tuma, shikamoo. Hiyo Nsyuka naweza kuipata wapi? Zamu yangu inayofuata nataka iwe hiyo.